Ncha ya Waya Upande Wako wa Ukuta

Tatabiara,

Leo nimeingia chumbani mwako. Sema unavyotaka kusema, lakini nimeingia kwa miguu yote miwili, na Mama, mkeo, ndiye aliyenifungulia mlango. Nimekaa sakafuni karibu saa nzima. Sasa niko kwangu, watoto nimewatuma majani ya ng'ombe, na nimerarua karatasi za katikati za daftari la mwanangu Kerubo ili nikuandikie kabla moyo haujapoa. Akirudi atanuna, na ana haki.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na wewe utajua kwa nini. Kwa Ekegusii mimi ni mokamwana, mke wa mwanao, na wewe ni tatabiara, baba mkwe, na katikati yetu imekaa chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Tusishikane mikono. Usiingie nyumba yangu. Nisikanyage mahali unapolala. Ningeanza barua hii kwa Ekegusii ulimi ungejifunga kabla sijafika mstari wa pili. Lakini Kiswahili chako ulichorudi nacho kutoka Nakuru ndicho tulichofanyia kazi ya antena, na kwa Kiswahili mimi nilikuwa fundi. Uliweza hata kunifokea. Haki, ulinifokea vya kutosha!

Ni miezi minne sasa, na kwa miezi hiyo minne nimekuwa na swali moja tu. Siku ile uliponiita niingie, nami nikakataa, ulikuwa unataka nini?

Wacha nianzie mbali kidogo, maana nikianza na siku hiyo nitalia na karatasi zenyewe ni chache.

Unakumbuka Nyandusi wangu alipoleta ile televisheni ndogo ya betri? Mwanao huyo, akija likizo kutoka kiwandani, lazima aje na kitu cha kushangaza ridge nzima, kilima chetu chote. Wewe ulikuwa tayari fundi wa antena wa huku kwetu, hakuna nguzo iliyosimama kuanzia hapa hadi Nyamira mjini ambayo hukuishika. Ukasimamisha mti wa mkaratusi nje ya nyumba yetu, ukafunga antena, ukashusha waya hadi dirishani. Hapo ukakoma. Mimi niko ndani na mtoto mgongoni, nangoja uingie umalizie, nimesahau kabisa. Ukaligeuzia dirisha mgongo, ukaangalia majani chai kama mtu anayeyahesabu, ukasema, "Chukua kisu. Mimi siingii humo."

Na hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, kwa kupitia dirishani, na mwalimu wangu amenipa mgongo. Ngozi ya nje ikate, lakini wavu wa ndani usiuguse. Urudishe wavu nyuma, kama unavyokunja mkono wa shati ukitaka kuosha vyombo. Plastiki nyeupe uichonge kidogo. Roho ya shaba ibaki uchi, na isiguswe hata na unywele mmoja wa ule wavu. Nikafanya, nikachomeka, na kioo kikajaa chenga.

"Unaona nini?" ukauliza.

"Mchele," nikasema.

"Umetulia ama unamwagika?"

"Unamwagika, Tatabiara."

"Basi kuna unywele umegusa roho. Utafute."

Nikautafuta, nikaupata, mwembamba kuliko nywele za mtoto. Nikauondoa, na mara mwanamume mwenye tai akatokea pale kwenye kioo akisoma habari, ananitazama machoni bila haya. Nilipiga kelele hadi kuku wakaruka. Wewe ulicheka mpaka mabega yakatetemeka, na bado hukugeuka. Nimeyakumbuka hayo mabega mara nyingi kuliko ninavyoukumbuka uso wako.

Baadaye mikono yako ilipoanza kutetemeka, ukawa unapanda wewe na mimi namalizia ncha. Halafu ngazi nayo ikakushinda, nikawa napanda mimi. Koleo ulikuwa unaliweka chini kwenye nyasi, unarudi nyuma hatua mbili, ndipo nainama kuliokota, na wateja wanatutazama kama tunacheza mchezo. Kule Kenyenya, kwa yule mwalimu, mama yake alishika kichwa: mwanamke juu ya paa la watu! Ukamwambia, "Basi panda wewe, mama." Yule mama akatuletea chai, na chai yenyewe ilikuwa na sukari nyingi mno.

Ninachokikosa zaidi ni siku za kwenda Kisii kununua waya. Unatangulia, mimi nyuma hatua kumi, hakuna anayejua tuko pamoja, mpaka tufike kwa Mzee Kanti. Mhindi wa watu alikuwa akituona tu anaanza kuguna. Mteja gani huyu anayekata ncha ya waya kwa kisu chake mwenyewe kabla hajanunua? Unaichambua pale juu ya kaunta, unaangalia wavu. Wavu ukiwa mwepesi, unamwinulia machoni, "Kanti, wavu huu hata samaki omena anapita." Kisha unatoa ile sumaku uliyoibandua kwenye spika ya redio kuukuu, unaisogeza kwenye roho ya waya. Ikidaka, unatikisa kichwa. Chuma kimevaa koti la shaba. Mzee Kanti anaapa kwa miungu yake yote kwamba hakujua, anaingia nyuma, anarudi na roli lingine la waya alilokuwa nalo siku zote.

Mimi ulinifundisha kusoma ile ohm sabini na tano iliyoandikwa ubavuni mwa waya kabla sijauliza kitu kingine chochote. Ukaniambia waya mweupe ni wa kukaa ndani ya nyumba kama bibi harusi, jua la paa litampasua ngozi kwa miaka miwili, wa nje awe mweusi. Siku ya kwanza niliukunja kwenye kiwiko nikaukaza, kama kamba ya ng'ombe. Aka! Ulisimama katikati ya barabara. Ukaniambia waya huu una shingo, ukiivunja umeuua, na kwa nje hutaona jeraha. Tangu hapo naubeba begani kwa mduara mpana, na watoto wa njiani wananiuliza kama nimekamata chatu.

Na sheria yako kubwa, ile uliyonirudia mpaka nikaichoka, ni kwamba waya ni mmoja. Kutoka antena hadi televisheni, hakuna kuunga. Wengi huku wanauunga kama waya wa stima, wanasokota, wanafunga nailoni ya pakiti ya maziwa, wanajiita mafundi. Ulisema maji ya mvua hayana haraka, yatangoja hapo hapo penye kiungo hata mwaka. Nilikuwa naitikia, "Ndiyo, Tatabiara," huku nawaza ugali.

Sasa nimefika.

Ulipolala kwa ule ugonjwa wa kifua na Mama akahamishia televisheni chumbani mwako, waya wako wa zamani ulikuwa umekauka na kupasuka. Wewe mwenyewe ulikuwa fundi wa watu wote na nyumba yako ina waya wa miaka kumi! Nikasema nitakubadilishia. Ilikuwa Alhamisi. Nyumbani nilikuwa na vipande viwili vya waya mzuri mweusi, vyote vifupi, hakuna kilichotosha peke yake. Ningengoja Jumatatu niende kwa Mzee Kanti. Lakini nilikujua. Ijumaa jua likizama unazima kila kitu kwa ajili ya Sabato, na Jumamosi likizama tena wewe ndiye wa kwanza ridge nzima kuwasha. Nilitaka Jumamosi hiyo uwe na picha. Nikaona, kiungo kimoja tu, tena upenuni, mahali pakavu, nani atajua? Nikasokota roho kwa roho, wavu kwa wavu, nikafunga tepu nyeusi, nikadondoshea nta ya mshumaa juu. Sikukuambia.

Nikapitisha ncha kwenye tundu la dirisha, nikasema nitamwita Mama amalizie kwa maelekezo yangu. Ukasema, "Ncha ni yangu." Nikageuka, nikakupa mgongo, nikaangalia chai. Nilisikia pumzi yako. Nilisikia kisu kikianguka mara mbili, na mara ya pili kikakaa chini muda mrefu. Nilitamani nivunje ukuta ule kwa kichwa.

Jumamosi jioni Mama akaja mbio kuniambia picha imetokea, na wewe umekaa kitandani kama chifu. Nilifurahi nikasahau kabisa nilichoficha upenuni.

Kisha mvua zikaja. Wiki ya pili nikaja kukusalimu dirishani kama kawaida. Mama alikuwa sokoni, na wachumaji walikuwa kwenye shamba la chai karibu tu, wanasikia kila kitu. Kutoka ndani nikasikia televisheni inanguruma ile sauti ya chenga. Sikuuliza mchele umetulia au unamwagika. Wewe ukaniita, na hukuniita kwa Kiswahili cha kazi. Ulisema, "Soa." Ingia.

Nilidhani ni homa. Baba mkwe kumwita mke wa mwanawe chumbani, yuko kitandani, hakuna mtu nyumbani! Nikasema, "Tatabiara, siwezi." Ukarudia, polepole, "Soa, uone."

Na mimi, kwa ajili ya aibu na hofu ya wale wachumaji, nikapaza sauti ili wote wasikie kwamba tunazungumza habari ya waya na si jambo lingine. Nikasema ni ncha yako imelegea kwa sababu ya mikono yako. Nikasema Nyandusi atakuja mwisho wa mwezi, ataifunga vizuri.

Halafu ukasema, "Sawa, mama."

Siku sita baadaye Nyandusi alikuja, lakini alikuja kukuzika.

Tangu hapo, Tatabiara, nimeishi hivi. Nyumba yako iko palepale, chai inachumwa, Kerubo amekuwa wa tatu darasani, ng'ombe amezaa dume. Mzee Kanti alituma pole na kusema hakuna tena wa kumtukania waya wake. Kazi napata, si kama zamani, wengine wanauliza kama sina mwanamume wa kuja naye, ninawaambia alikuwepo. Na kila nikichuna ncha ya waya nasikia ile "Sawa, mama." Nilijiambia kwamba mzee alishindwa na mikono yake, akaniomba msaada, akafikia hata kuvuka chinsoni kwa kuniomba, na mimi nikamwacha pale na chenga. Hicho ndicho nimekibeba.

Basi leo asubuhi Mama akanijia. Akasema nyumba imekuwa kimya mno, anataka sauti za watu, nije nitengeneze ile televisheni. Nikasimama mlangoni mwa chumba kama mwizi. Kitanda kimeshatolewa, zimebaki alama za miguu yake sakafuni. Mama akanisukuma mgongoni, akasema, "Aliyekuwa anakuzuia hayupo. Ingia, unanizibia mwanga."

Nikaingia. Nikapiga magoti nyuma ya televisheni, nikavuta plagi, nikafungua kifuniko, nikiwa nimejitayarisha kuona kazi ya mikono iliyoshindwa.

Tatabiara, sijawahi kufunga ncha kama ile.

Ngozi ilikatwa mduara mmoja, bila kovu hata moja kwenye wavu. Wavu umerudishwa nyuma na kuchanwa, kila unywele mahali pake. Plastiki nyeupe imechongwa sawasawa. Roho imenyooka, inang'aa kama jana. Na ili usivutike, uliuzungushia uzi wa kushonea wa Mama, mzunguko kwa mzunguko, nikahesabu hadi ishirini nikaacha. Waya uliobaki umeukalisha ukutani kwa mduara mpana, hakuna shingo iliyovunjika. Mikono ile! Mikono iliyokuwa inamwaga uji!

Nikamuuliza Mama uliwezaje. Akasema ulikaa na ncha hiyo Alhamisi hadi usiku na Ijumaa hadi jua likaribie kuzama, ukiharibu unakata unaanza upya, hukutaka akushikie hata taa. Ulipomaliza ulicheka peke yako. Ukamwambia, "Mokamwana lazima aione hii." Akasema ulimwambia tena Jumapili, na Jumanne, mpaka akakuuliza aione kwa njia gani, na ukamjibu kwamba utafikiria.

Nililia, mzee wangu. Nililia kwa sauti, na Mama akakaa kando yangu akalia pia, halafu akaniambia nipanguse pua, nitaharibu televisheni.

Kama ncha ilikuwa nzima, basi chenga zilitoka wapi? Nilijua kabla sijasimama. Nilichukua ngazi, nikapanda upenuni, nikabandua ile tepu. Maji yalitoka, Tatabiara. Matone matatu makubwa yaliniangukia kwenye kifundo cha mkono. Wavu umekuwa mweusi na shaba imeota kijani. Mahali pangu pakavu! Nikakaa kwenye ngazi nikiwa nimekishika kile kiungo, na wachumaji walewale wakinitazama kutoka kwenye chai, na safari hii sikupaza sauti kusema kitu.

Sijui kama ulijua kuhusu kiungo. Nadhani ulijua, wewe ungesikia maji kwenye waya kwa ule mngurumo tu. Labda ulitaka nione ncha yako ni nzima ili nikatafute kosa upande wangu, bila wewe kulitaja mbele ya watu. Labda ulitaka tu fundi mwenzako akuambie umefanya vizuri. Labda yote mawili. Na mimi nilikujibu kwamba ni mikono yako, kwa sauti ya kusikika hadi mtoni. Ningeweza kuirudisha siku hiyo ningeingia, wenye chinsoni wangenisamehe baadaye au wasinisamehe, shauri yao. Nimekukosa sana. Natamani unifokee. Natamani usimame katikati ya barabara uniulize mimi ni fundi wa aina gani.

Nisikilize sasa, maana hili si lepesi kwangu. Kiungo hicho hakikuwa cha pekee. Nilipoona Jumamosi ile picha imetokea, nilijiona mjanja, na tangu hapo nimeunga waya katika nyumba tatu: kwa yule mwalimu wa Kenyenya nilipoitwa tena, kwa mchongaji wa mawe kule Tabaka, na kwa mjane anayekaa karibu na kituo cha kununulia chai. Wote wananiambia televisheni zao zimezeeka, na mimi nimekuwa naitikia.

Kesho nakwenda kwa Mzee Kanti, na sumaku yako mfukoni. Nitanunua waya wa kutosha, kipande kimoja, nianze na nyumba ya Mama. Mama anasema nisiiguse ncha yako, niiache ikae. Lakini waya ni mmoja, Tatabiara, na siwezi kukuheshimu kwa kuvunja sheria yako mara ya pili. Nitaikata. Ya kwangu haitakuwa nzuri kama yako, nitajitahidi ikaribie. Kisha nitakwenda kwa wale watatu, nimwambie kila mmoja kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba televisheni yake haina ubaya wowote, mwenye kosa ni mimi, nami nitatengeneza. Yule mama wa Kenyenya atapata la kusema. Na aseme.

Watoto wanarudi, nawasikia wakigombana njiani. Lala kwa amani, mzee wangu, na ukinisikia nikikosea usininyamazie.

Nimeingia. Nimeiona. Ni nzuri sana, Tatabiara, ni kazi ya fundi, na hakuna hata unywele mmoja uliogusa roho.

Mokamwana wako,
Moraa